Kupe, Nguo ya Kazi na Dawa ya Josho

Katika kambi moja ya shamba la chai, magharibi mwa Uganda, mwenzetu mmoja wa kikosi cha kufyeka alikaribia kufa kwa sababu ya ovaroli yake. Hakukatwa na panga, wala hakuumwa na nyoka. Alikuwa amechoshwa na kupe. Kila jioni alivua nguo akajitoa kupe kumi, kumi na watano, mapajani na kiunoni. Alikwisha omba mabuti ya mpira kwa mnyapara mara tatu, na mara tatu aliambiwa asubiri. Basi siku moja akafanya kama wafanyavyo wenye ng'ombe. Akapata dawa ya josho kidogo kwa jirani mfugaji, akaichanganya na maji katika ndoo, akailoweka ovaroli yake, akaianika. Kulipokucha ilikuwa bado haijakauka vizuri. Akaivaa hivyo hivyo, akaenda kazini.

Ilipofika saa nne alikuwa akitoka jasho jingi kupita kiasi, mate yanamjaa kinywani, macho yanaona ukungu na tumbo linamkata. Wenzake walidhani ni malaria. Bahati yake, mmoja wao alikuwa na habari ya ile ndoo. Wakamvua ovaroli, wakamwosha mwili mzima kwa maji na sabuni, wakampakia kwenye pikipiki kumpeleka zahanati. Yule aliyejua habari akakimbilia kambini kuchukua chupa ya dawa. Mganga alipoisoma karatasi ya chupa alijua mara moja ni sumu ya namna gani na atibu vipi. Ndugu yetu alipona. Lakini siku alizolala kitandani hakulipwa, na nilipokwenda kumjulia hali neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nimepona sumu, lakini kupe bado wako pale pale."

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya neno lake hilo. Kupe wako pale pale, na sisi tutarudi kazini pale pale. Hapana budi tujue jinsi ya kujikinga bila kujiua. Tena hapana budi tujue ni nani mwenye wajibu wa kulipia kinga hiyo.

KUPE ANAVYOKUPATA

Wengi hudhani kupe huruka, au huanguka kutoka juu ya miti. Sivyo. Kupe hana mabawa na hawezi kuruka. Yeye hupanda jani la nyasi, akajishika kwa miguu ya nyuma, akanyosha miguu ya mbele hewani, akangoja. Katika miguu hiyo ya mbele ana kiungo cha kunusa, nacho humwambia kwamba kiumbe mwenye joto na pumzi anapita. Ukigusa lile jani, yeye yuko juu ya nguo yako.

Hapo hakuumi mara moja. Huanza safari ya kupanda juu, akitafuta mahali penye ngozi laini na unyevu: nyuma ya goti, kinena, kiuno chini ya mkanda, kwapa, nyuma ya masikio. Safari hiyo yaweza kuchukua muda mrefu, hata saa nzima au zaidi. Muda wote huo yuko juu ya kitambaa. Ndiyo maana twasema kwamba vita ya mfanyakazi na kupe hupiganwa juu ya nguo. Nguo ikimzuia au ikimwangusha, ngozi imepona.

Wako pia wale wadogo mno, watoto wa kupe, mfano wa punje za pilipili manga iliyosagwa. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu ardhini, na watoto wakitoka huweza kukaa mamia mamia katika shada moja la majani. Ukilikanyaga, jioni utaona miguu imejaa vipele, ukidhani ni upupu.

Hatari si sawa kwa wote. Mchumaji aliye katikati ya chai iliyofungamana vizuri hukutana na kupe wachache. Wanaopata taabu zaidi ni wafyekaji wa kingo na mitaro, walinzi wa usiku, wakata kalitusi, wapakiaji wa kuni za kiwandani, na wale wanaofanya kazi penye njia za ng'ombe. Kwa hiyo ndugu zetu wa kiwandani wasiseme kwamba jambo hili ni la shambani tu. Gogo la kuni lililolala majanini laweza kuingia kiwandani na kupe wake.

HOMA SI MALARIA SIKU ZOTE

Kupe wenyewe si kitu kama wangekunywa damu tu wakaenda zao. Ubaya wao ni vijidudu wanavyotuachia. Ile ndigana kali inayomaliza ng'ombe wa wafugaji haimpati mtu, lakini magonjwa mengine yanatupata.

La kwanza ni homa ya kupe. Siku tano hadi kumi baada ya kuumwa, mtu hupata homa, kichwa humgonga, misuli na shingo humuuma, na tezi za kinena au kwapani huvimba. Tazama pale kupe alipouma. Mara nyingi utaona kidonda kidogo chenye gaga jeusi, mfano wa mtu aliyechomwa na sigara. Ugonjwa huu ni nadra kuua, na una tiba nzuri: vidonge vya doksisaiklini, kwa maagizo ya mganga. Shida ni kwamba wengi wetu tukiona homa twameza dawa ya malaria, tena twameza tena, na siku za kazi zinapotea.

La pili ni kali zaidi, nalo ni homa ya kutoka damu iitwayo homa ya Crimea na Kongo. Jina hilo lina historia ambayo mfanyakazi wa shamba yafaa aijue. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu, askari wa Kisovieti walipelekwa rasi ya Crimea kusaidia kuvuna mazao. Wapatao 200 wakashikwa na homa na kutoka damu. Mwaka 1956 kijidudu kikapatikana katika damu ya mgonjwa huko Kisangani, Kongo, mji ulioitwa Stanleyville wakati huo. Baadaye wataalamu wakagundua kuwa ni kitu kile kile. Wagonjwa wa homa hiyo wamethibitishwa Uganda kwa miaka mbalimbali tangu 2013, hasa katika wilaya za ufugaji. Huua kati ya watu 10 na 40 katika kila wagonjwa 100. Huambukizwa na kupe, na pia kwa damu ya mnyama au ya mgonjwa. Kwa hiyo ile desturi ya kumponda kupe kwa kucha mbili tuiache kabisa.

Ukienda zahanati na homa, usingoje kuulizwa. Sema: "Nafanya kazi majanini, na nimeumwa na kupe." Maneno hayo machache yaweza kuokoa maisha.

KINGA YA KWANZA NI NAMNA YA KUVAA

Kabla ya dawa yo yote, iko kinga isiyohitaji utaalamu. Kupe hupanda kutoka chini kwenda juu. Basi tumfungie mlango wa chini.

Vaa suruali ndefu, na miguu ya suruali uiingize ndani ya soksi au ndani ya mabuti ya mpira, ambayo wengi huyaita gambuti. Shati liingie ndani ya suruali. Ukifanya hivyo kupe hulazimika kutembea nje ya nguo mwendo mrefu, na huko nje waweza kumwona. Kama mabuti ni mapana mno, funga kamba au mpira juu ya kifundo. Wenzetu wa kike wanaovaa sketi au kitenge kazini wavae suruali ndani yake, miguu yake imeingizwa katika soksi. Hapana aibu katika jambo hilo, na mnyapara asimcheke mtu.

Nguo ya rangi nyeupe au ya udongo mwepesi ni bora kuliko nyeusi au ya buluu nzito, kwa maana kupe huonekana upesi juu yake. Jambo hili yafaa viongozi wa chama walikumbuke siku ya kuzungumza na menejimenti juu ya rangi ya sare.

Kisha tukaguane. Saa ya mapumziko, wawili wawili, mmoja amtazame mwenziwe mgongo, shingo na nyuma ya miguu. Dakika mbili zatosha. Usilitupe shati au koti majanini wakati wa kula, maana ukilivaa tena umevaa na wageni. Litundike juu ya mti mkavu au juu ya mpini wa jembe uliosimikwa mahali palipofyekwa.

DAWA YA NGUO, MJUKUU WA PARETO

Iko dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo yenyewe. Jina lake ni permethrini. Asili yake ni habari ya mashambani kwetu.

Wakulima wa nyanda za juu za Kenya, wa Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, wa kaskazini mwa Rwanda karibu na milima ya volkano, na wa Kivu katika Kongo, wote wanalijua ua la pareto. Katika miaka ya 1970 Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Ua hilo likikaushwa na kusagwa huua wadudu, lakini sumu yake huharibika upesi juani. Wataalamu wakatafuta jinsi ya kutengeneza kitu cha namna hiyo hiyo kisichoharibiwa na jua. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted huko Uingereza, walitangaza permethrini. Hivyo wadudu wakapata adui mpya, na mkulima wa pareto akapata mshindani.

Permethrini hushika kitambaa na kukaa humo. Haimfukuzi kupe kutoka mbali. Yeye hupanda nguo kama kawaida yake, lakini miguu yake ikigusa kitambaa kilichotiwa dawa hubabaika, hushindwa kujishika, akaanguka. Akikaa zaidi hufa. Jeshi la Marekani limekuwa likitia dawa hii katika sare za askari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Dawa zilizomo katika vyandarua vya mbu ni za ukoo huo huo.

Iko njia mbili za kuipata katika nguo. Ya kwanza ni nguo iliyotiwa dawa kiwandani ilikoshonwa. Ya pili ni kunyunyiza mwenyewe dawa iliyotayarishwa kwa kazi hiyo, yenye nguvu ya nusu ya asilimia moja. Ukinyunyiza, fanya hivi. Tundika nguo nje, mahali penye hewa, usimame upande upepo unakotoka. Vaa glavu. Nyunyiza upande wa nje mpaka kitambaa kilowe kidogo, ukitilia mkazo miguu ya suruali, soksi, pindo na kiuno. Viatu vya kitambaa, gaita, kofia, mfuko wa mgongoni na hema la mlinzi nazo hunyunyizwa vivyo hivyo. Acha vikauke kabisa, saa nne si nyingi, ndipo uvae. Nguo ya ndani usiitie dawa, wala ngozi usiipake kamwe. Kwa ngozi ziko dawa nyingine za kupaka, kama zile zenye DEET.

Dawa ya kunyunyiza hudumu kiasi cha majuma sita, au kufua mara sita. Nguo hizo zifuliwe mbali na nguo za watoto. Maji ya kufulia na mabaki ya dawa yasimwagwe mtoni, kwa maana permethrini huua samaki hata ikiwa kidogo sana. Paka naye asikaribie nguo iliyo mbichi, maana dawa hii ni hatari kwake.

DAWA YA JOSHO SI DAWA YA NGUO

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa mwanzo. Kosa lake lilikuwa nini? Alifikiri kwamba kinachoua kupe juu ya ng'ombe kitaua kupe juu ya mtu. Ni kweli kitaua kupe. Lakini ng'ombe huoga mara moja akaenda malishoni. Mfanyakazi huvaa nguo hiyo saa nane, akitoka jasho, na jasho na joto hufungua ngozi ipokee sumu.

Tena dawa za josho si za namna moja. Nyingine ni za jamii ya oganofosfeti, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu. Dalili zake ni zile zile zilizompata: jasho, mate, machozi, mboni za macho kuwa ndogo, kuona ukungu, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka, na mwisho kushindwa kupumua. Nyingine ni amitrazi, ambayo humlegeza mtu, ikampa usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo. Hata zile za ukoo wa permethrini zinazouzwa kwa mifugo au kwa mimea zimechanganywa na mafuta makali yasiyofaa ngozi ya mtu, na nguvu yake ni kubwa mara nyingi zaidi.

Liko na jambo jingine. Katika sehemu nyingi za Uganda kupe wa ng'ombe wamezizoea dawa za josho kwa sababu ya kutumiwa ovyo. Basi wafugaji huongeza kipimo, na huchanganya dawa mbili au tatu pamoja. Ile chupa unayopewa na jirani yaweza kuwa na mchanganyiko ambao hata yeye haujui.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu: kama karatasi ya chupa haikuandikwa kwamba dawa ni ya nguo, usiitie katika nguo. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari nayo tuyaache. Huunguza ngozi, hushika moto, na kupe hupita.

Mwenzako akipatwa, mvue nguo hiyo mara moja, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kwa mganga, na chupa uichukue. Wewe mwenyewe jihadhari usiishike nguo ile kwa mikono mitupu.

UKIFIKA NYUMBANI

Kupe anayeingia nyumbani juu ya koti hatakuuma wewe peke yako. Atamuuma mtoto. Basi nguo za kazi ziishie mlangoni. Zikung'ute nje, mbali na mahali pa kukaa, ndipo uoge na kujikagua mwili mzima.

Watu husema, "Nimeloweka nguo usiku kucha, kupe wamekufa." Hawakufa. Kupe huvumilia maji baridi muda mrefu, hata sabuni haimshindi. Kinachomwua ni joto na ukavu. Wataalamu waliojaribu huko Marekani waliona kwamba nguo kavu ikitiwa katika mashine ya kukaushia kwa joto kali, dakika sita zilitosha kuua kupe wote waliowajaribu. Sisi hatuna mashine hizo, lakini tuna maji ya moto, tuna jua, na tuna pasi ya mkaa. Nguo isiyotiwa dawa iloweke katika maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia, ianike jua kali mpaka ikauke kabisa, kisha ipige pasi, hasa penye mishono, mifuko na pindo. Desturi ya pasi wazee wetu wanaijua kwa sababu ya funza wa nguo. Kumbe yafaa kwa kupe pia.

Kapu la kuchumia, gunia la kukalia, kamba za kubebea kuni na ala ya panga, vyote vianikwe juani, visilale majanini wala chini ya kitanda.

MATANDIKO YA KAMBINI NA PAPASI

Walinzi, wakata miti na wote wanaolala kambini wanaye adui mwingine: papasi. Huyu ni kupe pia, lakini tabia yake ni nyingine. Haishi majanini. Hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta, hutoka usiku, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni kabla hujaamka. Aweza kukaa miaka bila kula. Homa yake huja, huondoka, kisha hurudi tena baada ya siku chache, na kwa mama mjamzito ni hatari kubwa.

Mwaka 1904 waganga wawili waliokuwa Uganda, Ross na Milne, walikiona kijidudu cha homa hiyo katika damu ya wagonjwa wao. Mwaka uliofuata Robert Koch alithibitisha uenezi wake kwa papasi katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Joseph Dutton na mwenziwe John Todd walithibitisha jambo hilo hilo mashariki ya Kongo. Dutton alishikwa na homa hiyo, akafa huko Kasongo mwezi wa Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu hicho kikapewa jina lake.

Walichokiona wakati ule bado ni somo kwetu. Papasi walikuwa wengi katika vibanda vya kulala kando ya njia za misafara. Walisafiri ndani ya mikeka na mizigo ya wapagazi. Leo hakuna wapagazi, lakini wako vibarua wanaohama kutoka shamba hadi shamba na matandiko yao. Ukihama, funua mkeka, blanketi na godoro, uvianike na kuvikung'uta juani kabla ya kuvifunga, na tena kabla ya kuviingiza nyumba mpya. Lala juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, chini ya chandarua kilichochomekwa. Lakini dawa ya kweli ya papasi ni sakafu ya saruji na ukuta uliopigwa lipu, na hilo si jambo la kibarua. Ni la mwenye kambi.

KUPE AKIISHA KUUMA

Usimchome kwa sigara, usimpake mafuta ya taa, wala usimzungushe. Ukimsumbua hutapika ndani ya kidonda vijidudu alivyo navyo. Mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, au kwa uzi uliofungwa kitanzi kuzunguka kinywa chake, umvute taratibu kwa kwenda juu moja kwa moja. Kama huna kitu, funika vidole kwa jani nene au karatasi ya nailoni. Osha pale kwa sabuni. Mtie kupe katika moto, usimponde. Andika tarehe, na ukiona homa katika majuma mawili yanayofuata, nenda zahanati.

NANI ALIPE?

Ndugu wafanyakazi, haya yote yanahitaji suruali, soksi, mabuti, dawa na maji ya moto. Mshahara wa mfyekaji tunaujua. Ndugu yetu hakuchukua dawa ya josho kwa ujinga. Aliichukua kwa sababu ndiyo aliyoweza kuipata.

Hakuna mwajiri anayemwambia dereva aje na trekta yake. Kwa nini basi mfyekaji ambaye kazi yake ni kuingia katika majani yenye kupe aambiwe aje na mabuti yake? Nguo ya kujikinga ni chombo cha kazi, sawa na fyekeo.

Neno hili si letu peke yetu. Mapatano namba 155 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1981, katika ibara ya 16 yamtaka mwajiri atoe nguo na vifaa vya kujikinga panapohitajika. Ibara ya 21 inasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi cho chote. Mwezi wa Juni 2022, mkutano wa shirika hilo mjini Geneva uliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, kwa hiyo kila nchi mwanachama yapasa iheshimu jambo hilo, hata kama haijatia sahihi mapatano yenyewe. Uganda ina sheria yake ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006, Kenya ya 2007 na Tanzania ya 2003. Viongozi wa matawi wazisome, waende nazo mezani.

Mwajiri akisema kwamba nguo zenye dawa ni anasa, tumweleze habari ya jimbo la North Carolina, Marekani. Huko wafanyakazi wa misitu, wa hifadhi na wa wanyama pori waligawanywa. Wengine walivaa sare zilizotiwa permethrini kiwandani na wengine sare za kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Mwaka wa kwanza, waliovaa sare zenye dawa walipungukiwa na kuumwa kwa asilimia 82. Mwaka wa pili upungufu ulikuwa asilimia 34 tu, maana dawa ilikuwa imekwisha punguka. Hapo pana mambo mawili. Nguo hizo zinafaa kazi. Tena kuzitoa mara moja na kusahau hakutoshi: sare zipaswa kufanywa upya kila mwaka.

Basi matawi yetu yadai mambo haya katika mkataba:

1. Kila mfanyakazi wa majanini, pamoja na kibarua wa siku, apewe mabuti na jozi mbili za nguo, moja ivaliwe na moja ifuliwe, bila kukatwa mshahara.

2. Nguo zitiwe dawa ya nguo na mtu aliyefundishwa, na zifanywe upya kila mwaka.

3. Mahali pa kuogea na kufulia pawe kazini, pamoja na maji ya moto, ili sumu na kupe visiende nyumbani.

4. Kingo za njia na mazingira ya kambi zifyekwe mara kwa mara, ng'ombe wasipitishwe penye nyumba, na nyumba za kambi zisiwe na nyufa.

5. Zahanati ya shamba iandike kila homa ya kupe katika daftari, na mgonjwa alipwe siku zake.

Daftari hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kisichoandikwa menejimenti husema hakipo. Tawi lisilo na zahanati lianze daftari lake lenyewe: tarehe, kazi aliyokuwa akifanya mtu, mahali, na siku alizokosa kazini. Baada ya msimu mmoja wa mvua mtakuwa na neno la kusema.

Mfyekaji wetu sasa amerudi kazini. Ovaroli ile ilichimbiwa chini. Wenzake wa kikosi walichanga wakamnunulia mabuti, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mchango wa wenzake ulikuwa wa siku moja. Mabuti ya kikosi kizima ni deni la mwajiri, na deni hudaiwa kwa pamoja. Katika mkutano wa tawi unaokuja, mtu mmoja asimame aliseme. Wengine msimwache asimame peke yake.